Georgia O'Keeffe na Mlima Aliosema ni Wake

Kaskazini mwa jimbo la New Mexico, Marekani, upo mlima mmoja ambao kilele chake kimekatika bapa. Ramani zinauita Cerro Pedernal. Watewa, ambao wazee wao waliishi katika mabonde yale karne nyingi kabla ya Mhispania wa kwanza kutia mguu, wanauita Tsip'in. Mchoraji Georgia O'Keeffe aliutazama kila siku kutoka nyumbani kwake Ghost Ranch, akauchora zaidi ya mara 20, na akapenda kusimulia kwamba Mungu alimwambia akiuchora vya kutosha atamkabidhi uwe wake. Alipofariki mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 98, majivu yake yalitawanywa mlimani hapo.

Kwa miaka mingi kauli ile ilichekesha tu. Watu waliichukulia kuwa utani wa bibi mkaidi aliyekimbilia jangwani na kuvaa nguo nyeusi. Siku hizi haipokewi hivyo na kila mtu. Eneo lote la Ghost Ranch na kijiji cha Abiquiú linatangazwa kwa watalii kwa jina lake, kana kwamba ardhi ilianza kuwapo siku alipoishika brashi. Baadhi ya wasanii na wasomi wa Kitewa wanauliza swali ambalo mtu yeyote aliyerithi shamba la babu angeuliza: aliyempa ni nani, na alikuwa na hati gani?

Upande wa pili wako wapenzi wake, nao si wajinga. Wanasema mchoraji hamiliki ardhi kwa kuichora, mzaha ni mzaha, na kumshitaki O'Keeffe kwa dhambi za wakoloni wa Kihispania na serikali ya Marekani ni kumwonea mwanamke aliyepigana maisha yake yote asimezwe na wanaume.

Nitasema mapema ninaposimama. Naona picha zenyewe hazina hatia kubwa kama hadithi zilizozizunguka. Lakini sehemu ya hadithi hizo aliitunga yeye, kwa kinywa chake, na hapo utetezi unakuwa mgumu. Tena unakuwa mgumu zaidi kwa sababu ya maisha yake. Huyu alijua vizuri kuliko wengi uchungu wa kutazamwa na mtu mwingine, kupewa maana na mtu mwingine, na hatimaye kuitwa mali yake.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1887 karibu na Sun Prairie, Wisconsin, mtoto wa pili kati ya saba katika familia ya wakulima wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisomea uchoraji Chicago, kisha New York, ambako mwaka 1908 alipata tuzo kwa picha ya sungura aliyekufa kando ya sufuria ya shaba. Ilikuwa picha safi ya mwanafunzi hodari, na hodari wengine darasani mle wangeweza kuichora. Nadhani yeye mwenyewe alilijua hilo, maana muda si mrefu aliacha uchoraji wa namna ile akaenda Chicago kuchora matangazo ya biashara kwa ajili ya kula. Kilichomrudisha ni mafundisho ya Arthur Wesley Dow, mwalimu aliyevutiwa sana na sanaa ya Japani, aliyefundisha kwamba kazi ya mchoraji ni kuijaza nafasi kwa uzuri, kupanga mistari, giza na mwanga. Kunakili kilichopo mbele ya macho kulikuja baadaye kabisa. Mafundisho hayo tuyakumbuke, tutayahitaji mbele.

Mwaka 1915, akifundisha chuo kimoja huko South Carolina, alichora kwa mkaa mfululizo wa michoro isiyofanana na kitu chochote cha duniani. Aliituma kwa rafiki yake Anita Pollitzer. Pollitzer, tarehe 1 Januari 1916, akaipeleka kwa Alfred Stieglitz, mpiga picha mashuhuri aliyekuwa na nyumba ya sanaa iitwayo 291 mjini New York. Mwezi Mei Stieglitz akaitundika ukutani kwa umma kuitazama bila kumuuliza mwenyewe. O'Keeffe alipopata habari alikwenda kumtaka aishushe. Haikushushwa.

Katikati ya tukio hilo na ndoa ya O'Keeffe na Stieglitz kuna kipindi ambacho wasimuliaji wengi hukirukia, nami sielewi kwa nini. Kuanzia 1916 hadi 1918 alifundisha katika chuo cha ualimu mjini Canyon, Texas, kwenye tambarare ambako jicho halipati cha kujishikiza. Alitembea jioni kuelekea nyota ya magharibi, alishuka kwenye bonde kuu la Palo Duro, akarudi na kupaka rangi za maji kwenye karatasi ndogo. Mfululizo wa Evening Star wa mwaka 1917 una nyota iliyo tupu, weupe wa karatasi tu, iliyozungukwa na duara za njano na nyekundu zinazofunguka hadi kuifikia ardhi. Nyingine, Light Coming on the Plains, ni mapambazuko yote kwa buluu peke yake. Alikuwa na miaka 29, hajaolewa, hana mfadhili wala mtu wa kumwelekeza. Kama angekufa kwa homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, bado tungekuwa na mchoraji mkubwa wa mandhari. Nasisitiza hili kwa sababu ubishi wa kwanza juu yake, ule wa zamani kuliko huu wa mlima, unahusu kama ni Stieglitz aliyemtengeneza.

Stieglitz alimzidi umri kwa miaka 23. Alimleta New York mwaka 1918, akamtafutia pa kuishi na fedha za kuchorea, wakafunga ndoa Desemba 1924. Kati ya 1917 na 1937 alimpiga picha zaidi ya 300: mikono, shingo, uso, mwili bila nguo. Mwaka 1921 alizionyesha baadhi hadharani na mji mzima ukazungumza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1923, alipomwandalia maonyesho ya kazi zake 100, wahakiki walikuwa wamekwishauona mwili wake kabla ya kuziona picha zake, na wakaandika ipasavyo. Kila umbo la duara likawa tumbo la uzazi, kila ua likawa siri ya chumbani. Stieglitz hakuwakataza. Alikuwa mfanyabiashara wa sanaa, na maneno hayo yaliuza.

Anayemtetea Stieglitz ana hoja. Katika Marekani ya miaka ile, mwanamke mchoraji alipata nafasi ya kufundisha wasichana, si ya kutundikwa karibu kila mwaka mjini New York kwa bei inayomlisha. Yeye alimpa nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Bila yeye pengine zile karatasi za Texas zingebaki ndani ya sanduku. Yote kweli. Lakini gharama yake haikuwa ndogo. O'Keeffe alichoka na tafsiri zile hadi mwaka 1939 akaandika kuwaambia watazamaji kwamba wameyatundika mawazo yao wenyewe juu ya ua lake, kisha wanaandika kana kwamba ni yeye anayewaza hivyo, naye hawazi. Alipoitwa mchoraji bora wa kike alijibu kwamba yeye anajiona miongoni mwa wachoraji bora, basi. Aliunga mkono haki sawa kisheria, na mwaka 1944 alimwandikia Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, juu ya jambo hilo. Kizazi cha wanaharakati wa miaka ya 1970 kilipokuja kumtangaza kuwa mama yao wa kiroho, kikirudia ule ule usomaji wa maua kwa nia njema, aliwakataa nao.

Kwa hiyo ukimwona anapanda treni kwenda New Mexico mwaka 1929, mwenyeji wake akiwa tajiri Mabel Dodge Luhan wa mjini Taos, unamwona mtu anayekimbia. Stieglitz alikuwa na mwanamke mwingine, Dorothy Norman. Kule Lake George, jimboni New York, ukoo wa mume ulijaza nyumba kila kiangazi. Jangwani hakuna aliyemjua. Alijifunza kuendesha gari, akanunua Ford, na baadaye akaligeuza kuwa chumba cha kazi: aling'oa kiti cha mbele, akakigeuza cha dereva kitazame nyuma, akaweka turubai kwenye kiti cha nyuma, akachora ndani humo wakati nje jua linachoma. Mwaka 1934 aliifikia Ghost Ranch. Mwaka 1940 akanunua nyumba pale. Mwaka 1945 alinunua kutoka kwa Kanisa Katoliki nyumba kongwe ya udongo iliyokuwa gofu kijijini Abiquiú, akamwachia rafiki yake Maria Chabot kazi ya kuikarabati, na mwaka 1949, Stieglitz akiwa amekwishafariki, akahamia moja kwa moja.

Hapo ndipo ubishi wa mlima unapoanza kuwa na meno.

Wanaomlaumu huanza na mambo ya wazi. Cerro Pedernal umechimbwa jiwe la gumegume tangu kale mno. Visu na vichwa vya mishale vya jiwe hilo vimetapakaa katika eneo lile lote. Abiquiú si kijiji kisicho na mwenyewe. Mwaka 1754 gavana Tomás Vélez Cachupín aliwakabidhi ardhi ile Genízaro, watu wa asili waliotekwa au kununuliwa kutoka makabila mbalimbali, wakalelewa utumishini katika nyumba za Wahispania, kisha wakawekwa mpakani wawe ngao dhidi ya mashambulizi. Wajukuu wao wako pale hadi leo. Zile safu za vilima vya kijivu ambazo O'Keeffe aliziita Black Place, umbali wa kilomita kama 240 magharibi mwa Ghost Ranch, ziko katika nchi ya Wanavajo. Alizifananisha na maili nzima ya tembo wenye mchanga mweupe miguuni. Ni maneno mazuri sana, na kwa msomaji anayemjua tembo mwenyewe, yanagonga penyewe. Lakini aliipa ile nchi jina lake, kama alivyoziita zile genge nyeupe za karibu na Abiquiú White Place, na majina hayo ndiyo yaliyoingia vitabuni.

Kisha wanasema: tazama picha. Mamia ya mandhari za New Mexico, na humwoni binadamu. Hakuna mchungaji, hakuna mwanamke anayechota maji, hakuna mkulima anayefungua mfereji kumwagilia mahindi, ingawa hayo yote yalikuwa yakitendeka mbele ya lango lake. Kuna mifupa ya ng'ombe, kuna vilima vyekundu, kuna anga. Mtazamaji wa New York aliyesimama mbele ya picha ile mwaka 1940 aliondoka akiamini Magharibi ni tupu.

Na utupu wa kuaminiwa una matokeo. Mwaka 1942 na 1943, wakati O'Keeffe akichora vilima vyake, serikali ya Marekani ilitwaa ardhi ya uwanda wa Pajarito, ng'ambo ya milima ya Jemez ambayo Pedernal ni sehemu yake, ikajenga Los Alamos kwa ajili ya bomu la atomiki. Sababu mojawapo ya kuchagua mahali pale ilikuwa upweke wake. Lakini palikuwa na wakulima wasemao Kihispania waliolazimika kuhama mashamba yao, na palikuwa na maeneo matakatifu ya Wapueblo, watu wa asili ambao Watewa ni sehemu yao. Wanasayansi wa mradi ule walikuja kupumzika Ghost Ranch kwa majina ya bandia. (Sehemu kubwa ya urani yao ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la wachimbaji wa Kikongo; eneo lile la Kiswahili lina sehemu yake katika hadithi hii, na mara nyingi husahauliwa.) Hakuna anayedai kwamba picha za O'Keeffe zilimwonyesha jenerali njia. Hoja ni kwamba jicho lililomfunza kuiona nchi kuwa tupu ndilo lililowafunza na wao.

Hoja hii naiheshimu, ila ina ufa, na ufa wenyewe uko New York.

O'Keeffe hakuanza kufuta watu alipofika kwa Watewa. Mwaka 1927 alichora jengo la Radiator usiku, katikati ya mji wenye mamilioni ya watu, na mitaani hamna mtu hata mmoja, madirisha tu yanawaka. Lake George, ambako wageni walijaa hadi wakamkera, imechorwa kimya. Mwaka 1939 kampuni ya mananasi ya Dole ilimlipia safari ya Hawaii. Alileta maporomoko ya maji, mawe meusi ya volkano na maua, hakumleta Mhawaii wala hata nanasi, mpaka kampuni ikamsafirishia mche wa nanasi kwa ndege hadi New York ndipo akauchora. Huyu ni mwanafunzi wa Dow. Anaondoa kila kitu mpaka umbo libaki. Kumsomea kutoonekana kwa wenyeji kuwa dharau kwa wenyeji, huku akiwa amemwondoa hata mumewe katika mandhari ya ziwani, ni kumbebesha mfumo wake wa kuchora maana ambayo hakuibeba. Stieglitz na wahakiki wake walifanya hivyo hivyo na maua.

Kuna hoja ya pili ya utetezi ambayo kwangu ina uzito zaidi. Tuwatazame wenzake. Tangu 1915 kulikuwa na chama cha wachoraji mjini Taos ambao kazi yao hasa ilikuwa kuchora wenyeji: Mhindi na blanketi lake, Mhindi na mtungi, Mhindi kando ya moto. Kampuni ya reli ya Santa Fe ilinunua picha hizo na kuzitia kwenye kalenda ili kuwavuta watalii. Watu walionekana, tena sana, lakini kama pambo la safari. Tukimdai O'Keeffe angechora watu, tunadai nini hasa? Angeketi mbele ya bibi wa Abiquiú akamchora kwa ruhusa ya nani? Kutochora nyuso za watu ambao hukuzaliwa nao kunaweza kuwa adabu. Sina hakika kwake kulikuwa adabu, pengine hakuvutiwa tu na nyuso. Lakini matokeo ni kwamba hakuuza sura ya mtu.

Ningeishia hapo kama asingechora pia vinyago vya kachina. Alivichora mara kadhaa, vile vinyago vya Wahopi na Wapueblo vinavyowakilisha roho zinazoheshimiwa katika ibada, akavipanga kama anavyopanga ganda la konokono. Ni picha chache katika kazi nyingi, na watetezi wake hupenda kuzipita haraka. Hazipitiki. Zinaonyesha kwamba alipotaka kitu cha wenyeji alikichukua, na kwamba ile adabu ninayomsifia ilikuwa na kikomo.

Kwa upande mwingine kuna misalaba. Black Cross, New Mexico, ya mwaka 1929, ambayo leo iko Art Institute of Chicago, ni msalaba mkubwa mweusi unaoziba karibu picha nzima, na nyuma yake vilima vinakunjana chini ya wekundu wa machweo. Misalaba hiyo aliiona milimani, ishara za imani ya Kikatoliki ya wasemaji wa Kihispania. Aliandika kwamba asiyeihisi misalaba hajaielewa nchi ile. Mtu anayeiona nchi kuwa tupu haandiki hivyo. Katika kanisa la udongo la Ranchos, karibu na Taos, katika kuta za udongo na ule mlango mweusi wa Abiquiú alioufuata kwa miaka karibu 15, mikono ya watu ipo kila mahali. Mikono imejenga, wenye mikono hawapo fremu. Ni tofauti na utupu, hata kama mtalii haoni tofauti.

Turudi kwenye ufa niliousema, kwa sababu wanaomlaumu wana jibu, na ni jibu zuri. Wanasema sawa, mbinu ni ile ile, New York na New Mexico. Ila anayetazama Radiator bila watu anajua fika kwamba New York ina watu, picha haimdanganyi. Anayetazama Pedernal bila watu hana elimu nyingine ya kumsahihisha. Mbinu moja, athari mbili. Hapa nakubaliana nao, na nadhani ndipo kesi yote inapoamuliwa: kosa halimo katika rangi, limo katika kile ambacho mtazamaji hakuambiwa. Na wa kumwambia walikuwa wengi. Waandishi wa magazeti waliokwenda kumpiga picha akiwa peke yake juu ya paa. Majumba ya sanaa. Waandaaji wa matangazo ya utalii. Na yeye mwenyewe, aliyejua majirani zake kwa majina, aliyepata maji ya bustani kwa zamu katika mfereji ule ule wa kijiji, aliyewaajiri, aliyechangia ukumbi wa michezo wa vijana wao, lakini alipohojiwa kuhusu nchi ile alizungumza kana kwamba iko yeye na mlima tu.

Upweke ulikuwa sehemu ya jina lake, na jina lilikuwa na thamani. Katika hili alikuwa mwanafunzi mwema wa Stieglitz kuliko alivyopenda kukiri. Alijifunza kwake kwamba watu hununua picha pamoja na hadithi, na kwamba anayeishika hadithi ndiye anayeshika bei. Tofauti ni kwamba safari hii hadithi aliishika yeye. Kwa mwanamke wa kizazi chake huo ni ushindi, sidhani tunapaswa kuudogosha. Ila hadithi ya mtu aliye peke yake huhitaji kwamba walio karibu naye wasionekane.

Fedha zilizofuata zinajulikana. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Santa Fe mwaka 1997, na ndilo linalozitunza nyumba zake. Mwaka 2014 jumba hilo lilipiga mnada picha yake ya mwaka 1932 ya ua jeupe la mnanaha, gugu lile lile lenye sumu ambalo mkulima wa kwetu huling'oa shambani, kwa dola milioni 44.4. Wakati huo hakuna kazi ya mwanamke yeyote iliyowahi kufikia bei hiyo mnadani. Watalii wanalipa kuiona nyumba ya Abiquiú. Kiasi gani cha neema hiyo kinawafikia wajukuu wa Genízaro wanaoishi jirani ni swali halali, na halimhusu marehemu pekee.

Kuna wanaosema kwamba ubishi huu wote usingekuwapo kama angekuwa mwanamume. Sikubali. Thomas Moran na Albert Bierstadt, waliochora Magharibi katika karne ya 19, wanaulizwa maswali haya haya, tena kwa ukali. Ansel Adams, rafiki yake aliyempiga picha moja nzuri sana akicheka chini ya kofia mwaka 1937, anaulizwa pia juu ya picha zake za Yosemite, bonde ambalo wenyeji wake walifukuzwa. Kumwondolea O'Keeffe maswali kwa sababu ni mwanamke ni kumrudisha kwenye kile kibanda cha "mchoraji bora wa kike" alichokikataa. Ninachokubali ni kitu kidogo zaidi: Moran na Bierstadt walichora, wakaondoka, wakauza mashariki. Yeye alikaa. Aliishi katika nchi ile karibu miaka 40 mfululizo, akala ya pale, akapofukia pale. Ugonjwa wa macho ulimnyang'anya uoni wa katikati, na mwaka 1972 akamaliza picha yake ya mwisho ya rangi za mafuta bila msaidizi. Kukaa hakumpi mtu hati ya ardhi. Kunampa jambo jingine, haki ya kupenda mahali bila kuomba radhi, na nadhani Watewa wengi wanaweza kuikubali haki hiyo bila kukubali neno "wangu".

Majibu ya kweli kwa ubishi huu hayakutoka kwa wahakiki, yametoka kwa wasanii. Mwaka 2018 Michael Namingha, msanii wa asili ya Kitewa na Kihopi, alionyesha katika jumba lile la Santa Fe kazi zake kuhusu Black Place, zikitundikwa pamoja na za O'Keeffe. Alipiga picha eneo lile kutoka angani, eneo ambalo sasa limezungukwa na visima vya mafuta na gesi. Hakumtukana bibi. Alionyesha tu kwamba nchi ambayo ulimwengu umefundishwa kuipenda kwa utupu wake ndiyo rahisi kuichimba, kwa kuwa nani atalalamika? Baadaye jumba hilo hilo liliandaa maonyesho ya Tewa Nangeh, yaani Nchi ya Watewa, pamoja na wasanii wa Kitewa, Jason Garcia wa kijiji cha Kitewa cha Santa Clara akiwa miongoni mwa waandaaji, wakisema kwa kazi zao nchi hii ni ya nani.

Wapo wanaoyaona maonyesho hayo kuwa ni jumba kujisafisha jina, na wapo wanaonung'unika kwamba siasa zimeingizwa kwa mchoraji aliyetaka kuchora tu. Mimi nayaona yamefanya kilichokuwa kimepungua, yaani kumpa mtazamaji ile elimu ambayo turubai haikumpa. Malalamiko yangu ni ya mahali. Anayekwenda Santa Fe anakutana na Wapueblo sokoni kabla hajafika kwenye tiketi. Huyo hahitaji sana kuambiwa kwamba nchi ina wenyewe. Anayehitaji ni yule anayesimama Chicago mbele ya Black Cross, au mbele ya Sky above Clouds IV, turubai la mita 7 na zaidi alilolichora mwaka 1965 ndani ya gereji akiwa na miaka 77, au New York, katika jumba la Metropolitan, mbele ya fuvu la ng'ombe lililowekwa juu ya milia ya rangi za bendera ya Marekani. Kazi za Namingha na Garcia zingepaswa kutundikwa huko, ukuta ule ule, na jina la Tsip'in liandikwe pale pale chini ya Pedernal kwa maandishi ya ukubwa ule ule.